Leiauti ya treni ndogo iliyojengwa tayari: bei ni halali au unapigwa?

Karibuni tena wasomaji wetu. Safari hii barua nyingi zimekuja za jambo moja, treni ndogo za modeli, na hasa leiauti zilizokwishajengwa, yaani ile meza inakuja na reli zake, mlima, vijumba na taa, kazi yako wewe ni kuwasha tu. Kila mtu anauliza bei. Nimechukua barua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ukiielewa hiyo zingine zinakuwa rahisi.

SWALI: Shikamoo anko. Naishi huku Minnesota na familia, kijana wangu ana miaka 9 na treni ndo ugonjwa wake, anajua hadi namba za vichwa vinavyopita hapa jirani. Kuna mzee mtaani kwetu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, sasa familia yake wanauza leiauti yake ya HO, ile skeli ya 1 kwa 87, iko bezimenti, futi 4 kwa 8, ina njia mbili za kuzunguka, mlima wenye handaki, kamji kadogo, pointi 11 (pale treni inapobadilisha njia), vichwa vinne na mabehewa kama 25, na inaendeshwa kwa DCC, ule mfumo wa kidijitali wa kuamrisha kila kichwa peke yake. Wanataka dola 3,500. Wanasema mzee aliweka zaidi ya elfu nane na miaka minne ya kazi. Nimeenda kuiona, anko, ni nzuri hadi nimekosa la kusema. Mke wangu anasema kwa hela hiyo bora tukate tiketi twende nyumbani. Nitajuaje kama bei ni halali?
— Baba wa kijana, Minnesota

JIBU: Marahaba baba, na pole kwa majirani kwa msiba. Kwanza niseme hao ndugu hawajakudanganya kitu, elfu nane inaingia kwenye meza kama hiyo kirahisi kabisa, kichwa kimoja kipya cha HO chenye dekoda (ile chipu ya ndani inayopokea amri za DCC) na sauti siku hizi ni dola 250 mpaka 400, ukinunua vitano kwa miaka ushamaliza zaidi ya elfu moja na hujagusa mbao wala reli. Tatizo ni kwamba aliyejenga alinunua vitu vipya na alilipa pia kwa raha ya kujenga, na ile raha ameshaila mwenyewe, haiuzwi tena. Sokoni huko Marekani leiauti nzima karibu siku zote inauzwa chini ya jumla ya vitu vilivyo juu yake, maana wanunuzi ni wachache, lazima uwe na nafasi, uwe na gari, na upende mpangilio wa mtu mwingine. Kwa hiyo usianze hesabu na elfu nane, wala usianze na 3,500. Anza na vitu.

Chukua karatasi uigawe mara tatu. Sehemu ya kwanza andika vinavyonyanyuka, vichwa, mabehewa, kontrola. Ya pili vinavyobanduka kwa shida na vingine vitavunjika, pointi, reli, vijumba. Ya tatu vile ambavyo haviendi popote bila meza, fremu ya mbao, plasta ya mlima, miti, majani, waya zilizokwishapigwa. Sehemu ya kwanza ina bei halisi sokoni, ya pili ina bei ndogo, ya tatu kwa mnunuzi ni sifuri au karibu na sifuri, hata kama ndiyo iliyokutoa macho. Najua inauma kusikia mlima wa mtu ni sifuri ila fikiria mwenyewe, ukiubandua unauweka wapi?

Sasa tupige hesabu ya hiyo yako kwa kukadiria. Tuseme vichwa viwili ni vya kisasa vina sauti, vya mtumba vinavyokwenda vizuri mpe 150 kila kimoja, hapo 300. Viwili vingine mara nyingi kwenye leiauti za wazee unakuta ni vya zamani havina dekoda kabisa, mpe 30 kila kimoja, 60. Mabehewa 25, mengine yatakuwa ya magurudumu ya plastiki na ndoano za plastiki za kizamani, hayo dola 5 tu, mengine yana magurudumu ya chuma na ndoano za kampuni ya Kadee hayo yanafika 15 au 20, tufanye wastani wa 10, hiyo 250. Kontrola ya DCC ya kuanzia mpya ni dola mia mbili na kitu, ya mtumba mpe 130. Jumla 740. Pointi 11 zilizogandishwa kwa gundi mpe 100 zote, vijumba mpe 130. Umefika 970. Hapo ongeza kitu kwa sababu iko tayari na kijana ataendesha treni jumamosi hii hii badala ya mwakani, na hilo kwangu mimi lina thamani kweli, maana mtoto wa miaka 9 hasubiri mpaka baba amalize kupiga waya. Mimi ningeanza na 1,100 na nisingevuka 1,400. Ukikuta vichwa vyote vinne ni vya kisasa, maboksi yake yapo na mabehewa ni mazuri, hesabu inapanda, na ukikuta kinyume chake inashuka, ndo maana nakwambia andika kitu kimoja kimoja na uangalie bei ambazo vitu hivyo vimeuzwa kweli, sio bei ambazo watu wanaomba.

Lakini yote hayo ni kama inafanya kazi, kwa hiyo rudi tena kule na safari hii usiende kushangaa uende kukagua. Waombe wawashe, ukae angalau nusu saa. Kila kichwa kiendeshe pole pole kabisa, kile kimwendo cha kutambaa, kwa sababu treni ikikimbia inaruka juu ya makosa yote na hutaona kitu, ila ikitambaa kila sehemu umeme usipofika itasimama yenyewe au taa zitapepesa. Halafu funga mabehewa mengi kadiri uwezavyo, zungusha njia zote mbili, kwenda mbele na kurudi nyuma, pitisha kwenye kila pointi kwa upande wa moja kwa moja na upande wa kukata kona. Kurudi nyuma ndo kunafichua, treni inayosukumwa ikipita pointi zote 11 bila kuanguka basi mzee alikuwa fundi kweli.

Kuna jaribio moja la sarafu wenzetu huko wanalifanya na ni zuri sana. Ondoa vichwa vyote kwenye reli, chukua robo dola, ilaze juu ya reli zote mbili kwa sekunde moja. Hapo umepiga shoti makusudi, kontrola inatakiwa ikate umeme mara moja, na ukitoa sarafu irudi. Hamia mbele kidogo rudia, zunguka meza nzima, hasa sehemu zilizo mbali na kontrola. Mahali ambapo haikati maana yake waya ni nyembamba au viungio vimelegea, na siku behewa likianguka hapo umeme utaendelea kupita mpaka plastiki iyeyuke. Omba ruhusa kabla ya kufanya na mweleze mwenye nyumba ni kwa nini, asije akadhani unaharibu mali.

Kisha piga magoti uingie chini ya meza na tochi. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, juu kuna mapambo chini kuna ukweli. Unachotaka kuona ni waya mbili nene zinazopita chini kwa urefu wote wa meza, na kutoka hapo vijiwaya vyembamba vinapanda kwenye kila kipande cha reli au kila kipande cha pili, rangi zake zinaeleweka, nyekundu upande mmoja nyeusi upande wa pili, vimelehemiwa au vimebanwa vizuri, ikiwezekana vina vibandiko vimeandikwa. Ukikuta waya mbili tu zinalisha mzunguko wote, maana yake umeme unategemea vile viungio vya bati vinavyounganisha reli na reli, na hivyo vikipata unyevu na vumbi vinaanza kukataa kimoja kimoja. Na ukikuta waya rangi zote zimechanganyika, zimefungwa kwa selotepu, hakuna mchoro na aliyejua siri yake yuko kaburini, shusha bei palepale, kwa sababu ikizima siku moja utalazimika kupiga waya upya kutoka mwanzo.

Reli zenyewe zitazame rangi. Zikiwa nyeupe kama fedha ni nikeli silva, ambayo kwa kweli ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ndo nzuri, haisumbui haraka kama brasi. Zikiwa za njano ni brasi, za zamani, zinafanya weusi haraka na utakuwa unasugua kila mara. Pia kuna za chuma kwenye seti za bei rahisi za zamani, hizo sumaku inazishika, nikeli silva na brasi sumaku haizishiki, kwa hiyo tembea na kasumaku mfukoni. Leiauti ya reli za njano au za chuma mimi nahesabu reli zote ni za kutupa.

Pima kona pia. Futi 4 kwa 8 ni ile saizi ya shiti moja nzima ya plaiwudi ya Marekani, ndo maana meza nyingi ziko hivyo, na kwa upana ule kona kubwa kabisa unayoweza kupata ni nusu kipenyo cha inchi 22, nyingi zina 18. Inchi 18 inatosha vichwa vifupi na mabehewa ya mizigo ya kawaida, ila yale mabehewa marefu ya abiria na vichwa vikubwa vya ekseli sita vitabanana na kuanguka. Muulize kijana anapenda treni gani, kama roho yake iko kwenye zile ndefu za abiria, hii meza itamvunja moyo. Mlima pia uupime, njia ikipanda sentimita 2 kwa kila mita hakuna neno, ikifika 4 kichwa kitaanza kuteleza na itabidi upunguze mabehewa. Na kwenye handaki ingiza mkono, je kuna mlango wa nyuma au wa chini wa kufikia treni ikiangukia ndani? Lazima itaangukia ndani siku moja.

Sasa kubeba, maana hapa ndo watu wengi wanalia. Mlango wa huko una urefu wa inchi 80 hivi, meza yako ina futi 8 ambazo ni inchi 96, haipiti imesimama. Itapita imelazwa kwa ubavu, upande wa futi 4 ukiwa juu, na hapo unachopima ni unene, kutoka chini ya fremu mpaka ncha ya mlima, ukizidi upana wa mlango umekwama. Na ngazi za bezimenti, zinanyooka au zina kona katikati? Nenda na futi ya kupimia, pima kabla hata ya kutaja bei. Kama mzee aliijengea mle mle ndani na haitoki bila kukatwa msumeno, utakata reli, utakata waya, mlima utapasuka, na hapo thamani inabaki ile ya sehemu ya kwanza tu, ile 740. Ongeza kukodi lori lenye bodi iliyofunikwa, watu wanne wa kubeba, na vile utakavyotengeneza ukifika maana kitu fulani lazima kitavunjika njiani. Hizo zote toa kwenye bei.

Bezimenti nusa. Harufu ya unyevu, ukungu nyuma ya mlima, uso wa meza umepinda, ni dalili mbaya. Huko kwenu kiangazi hewa ina unyevu na kipupwe hita inakausha nyumba, mbao zinavimba na kusinyaa, viungio vya reli vinaachana au vinasukumana, weka jicho usawa wa reli utaona kama zimenyooka au zinacheza.

La mwisho kwako ni la utu. Hao watu wamefiwa, usiingie na mdomo wa dalali ukaanza kuponda kazi ya baba yao. Waonyeshe karatasi yako, kitu na bei yake, wataelewa. Wakikataa waambie ungenunua vichwa na mabehewa na kontrola peke yake, mara nyingi baada ya miezi miwili meza haijatoka wanakupigia simu wenyewe. Na kwenye makabati yao ukiona kichwa cha brasi cha kutengenezwa kwa mkono, vile vilivyokuwa vinaagizwa Japani na baadaye Korea, kipo kwenye boksi lake na sponji, waambie ukweli kwamba hicho peke yake kinaweza kuwa na thamani ya mamia ya dola, wakiuze pembeni kwa anayevijua. Usikichukue ndani ya bei ya jumla kimya kimya. Mke wako naye umwonyeshe karatasi hiyo hiyo, kati ya 3,500 na 1,300 kuna tofauti kubwa sana kwenye hela ya tiketi.

SWALI: Mambo vipi anko, mi niko Toronto kwenye apatimenti ndogo, nimeona jamaa anauza leiauti ya skeli N imejengwa juu ya mlango, yaani ule mlango mwepesi wa chumbani wenye uwazi ndani, reli ni Kato Unitrack, kuna kichwa kimoja na mabehewa nane, anataka dola 400 za Kanada. Nichukue?
— Mpangaji, Toronto

JIBU: Chukua, ila kwa sharti moja. Hiyo Unitrack ya Kato ni reli iliyokuja na tuta lake la plastiki, vipande vinaunganishwa kwa kubofya na vinaachana bila kuharibika, kwa hiyo reli yote inahesabika kwenye vitu vinavyonyanyuka, tofauti na ya baba wa Minnesota. Sharti ni kwamba iwe haijagandishwa. Watu wengine wanaimwagia gundi na kokoto ili ionekane asili, inapendeza kweli lakini hapo haitoki tena nzima. Jaribu kipande kimoja pembeni, kikitikisika, basi iko sawa. Hesabu pointi zipo ngapi maana ndo zenye pesa, na hakikisha motor zake zinasukuma pande zote mbili. N ni 1 kwa 160, magurudumu ni madogo sana, uchafu kidogo tu unasimamisha treni, kwa hiyo treni ikikwamakwama usiogope kwanza, futa reli na magurudumu kwa kitambaa na spiriti ndo uamue. Mlango kama huo hauna uzito, watu wawili mnaubeba bila shida, lakini pima lifti ya jengo lenu.

SWALI: Kaka yangu jambo. Mimi ni mama wa Kikongo, niko Ujerumani karibu na Hamburg. Bwana yangu tangu tulimpeleka kuona Miniatur Wunderland hana usingizi, alirithi masanduku mawili ya treni za Märklin za zamani kutoka kwa boss wake wa kazi aliyezeeka. Nataka kumfanyia surprizi ya birthday. Dukani nimeona leiauti tayari, mlima, majani, mahandaki, kila kitu kijani safi, bei ni euro mia kadhaa na mtu mmoja kwenye matangazo anauza ingine imekamilika na reli kwa euro 900. Ipi ni afadhali?
— Mama watoto, Ujerumani

JIBU: Jambo sana dada, na Wunderland imewachanganya wengi tangu wale mapacha Frederik na Gerrit Braun walipoifungua mwaka 2001, huyo bwana hayuko peke yake. Sasa tulia kwanza usitoe pesa yoyote kabla ya kufungua yale masanduku, kwa sababu Märklin ina mambo yake.

Treni za HO za Märklin zinatumia mfumo wao tofauti na karibu kila mtu mwingine. Reli mbili za pembeni zote ni upande mmoja wa umeme, na upande wa pili unapita katikati kwenye vijipini vidogo, kichwa kina kama kiatu cha chuma kirefu chini ya tumbo kinachoteleza juu ya vijipini hivyo. Geuza kichwa kimoja juu chini uone, kiatu kipo? Basi kinataka reli za Märklin. Ukiweka magurudumu yale kwenye leiauti ya kawaida ya reli mbili unapiga shoti papo hapo, maana magurudumu ya kushoto na kulia yameungana kwa umeme. Na hata behewa tu lisilo na motor linapiga shoti. Kwa hiyo yule wa euro 900 swali lako la kwanza kwake ni moja, reli ni za aina gani, mwambie akutumie picha ya karibu ya reli kwa juu. Kama katikati hakuna vijipini, leiauti hiyo hata akupe kwa 300 haikusaidii.

Kama ni Märklin kweli, uliza ni kizazi gani. Zile za bati zenye tuta la chuma lililopakwa rangi ni za zamani, zinaitwa M, zina kelele na zinashika kutu lakini treni za zamani zinapita vizuri tu. Zile za tuta la plastiki la kijivu ni C, zilitoka miaka ya 90, ndo wanazouza mpaka leo na ndo zenye bei nzuri ukija kuuza. K zinakaa katikati, hazina tuta, huwa zimepigiliwa kwenye mbao. Leiauti ya reli za C inayokwenda, yenye pointi za umeme nane au kumi, kwa 900 mimi ningeizungumzia, leiauti ya reli za M kwa 900 hapana, labda 200 mpaka 300.

Ile ya dukani ni kitu kingine kabisa. Hizo zinazoitwa Fertiggelände, Noch ndo wanajulikana sana kwazo, ni ganda jepesi la plastiki lililofinyangwa kwa joto na kumwagiwa majani, ni zuri, ni safi, halina vumbi la mtu. Lakini bei ile ni ya ganda. Reli hazimo, nyumba hazimo, waya hazimo, treni hazimo, ile picha ya kwenye boksi yenye kanisa na stesheni inaonyesha itakavyokuwa ukishanunua vyote. Na kila ganda limechongwa kufuata mpangilio wa reli za mifumo fulani iliyotajwa, njia zimeshaandaliwa pale, huwezi kulazimisha reli zozote. Soma orodha ya reli zinazohitajika, jumlisha bei ya orodha ile mpya dukani, mara nyingi inazidi bei ya ganda lenyewe.

Kwako wewe kwa kuwa ni zawadi na bwana ana treni tayari, ningesema usinunue leiauti yoyote kwanza. Mchukulie seti ndogo ya reli za C za mtumba na transfoma ya kisasa, mduara tu wa kuweka sebuleni siku ya birthday, zile treni za sandukuni zizunguke mbele ya watoto. Transfoma ya zamani ikiwa waya umekauka na kupasuka usiiwashe hata kidogo, na zile za buluu za zamani kabisa zilizotengenezwa kwa umeme wa 220 usizipe mtoto, sasa hivi ukutani kuna 230 na upande wa treni nao unapanda. Akishajua vichwa gani vinakwenda na vipi vimekufa ndo mtafute leiauti mkiwa wawili.

SWALI: Assalaam aleykum. Mimi ni mstaafu wa reli hapa Mombasa, nimefanya kazi tangu enzi za East African Railways mpaka zilipogawanyika. Mpwa wangu yuko Leicester amepata leiauti ya OO iliyokamilika, mita 3 kwa moja, pauni 650 pamoja na vichwa vitatu. Anasema atanitumia kwa meli. Nia yangu ni niibadilishe iwe kama stesheni zetu za zamani, na Garratt, vile vichwa vikubwa vya mvuke, zikipita. Itafaa?
— Mstaafu, Mombasa

JIBU: Waaleykum salaam mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili maana wewe umezigusa zenyewe kwa mkono.

Bei ya pauni 650 kwa Uingereza si mbaya ikiwa vichwa ni vya kisasa. Ila kwa nia yako hiyo leiauti haifai mzee, na sababu ya kwanza ni geji. OO ni 1 kwa 76 na inakwenda kwenye reli za milimita 16.5, imetengenezwa kuiga njia za Uingereza, zile pana kama SGR ya sasa. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Kwa skeli ile mita moja inatoka milimita 13 na kidogo, kwa hiyo watu wanaojenga geji ya mita hutumia reli za milimita 12, ambazo zinapatikana kwa sababu Uswisi wana njia za mita moja na kuna viwanda vinawatengenezea modeli za HO. Garratt za daraja la 59, zile 34 za Beyer Peacock wa Manchester za mwaka 1955 na 1956 zilizopewa majina ya milima, ukiziweka juu ya 16.5 kila mtu aliyewahi kusimama Voi au Makindu ataona kuna kitu hakiko sawa, na wewe utaona wa kwanza. Utabandua reli yote, utabandua na majukwaa na madaraja yaliyopimwa kwa reli ile, na ukishabandua umebaki na meza ya mbao uliyoilipia nauli ya meli.

Nauli yenyewe inahesabiwa kwa nafasi ambayo kitu kinachukua, na meza ya mita 3 yenye vilima juu haipangiki na chochote, lazima itengenezewe kreti. Ikifika, joto na unyevu wa pwani, plaiwudi ya kawaida ya ndani iliyokaa kwenye nyumba kavu ya Leicester itapinda, na plasta itaachia. Jambo moja linakwenda vizuri, umeme wa Uingereza na wa Kenya unakaribiana sana na plagi ni zile zile za pini tatu za mraba, kwa hiyo kontrola na transfoma za huko zinafanya kazi hapa bila kubadilisha kitu.

Mwambie mpwa wako hivi. Amwulize mwenye leiauti kama anauza kontrola na vifaa vya kuendeshea pointi peke yake, hivyo avichukue kwa bei nzuri vinaingia kwenye sanduku la nguo. Atafute reli za milimita 12 aina ya kunyumbulika, zinauzwa kwa vipande vya karibu mita moja, azifunge kwenye bomba la plastiki zisipinde, na pointi chache. Mbao tafuta hapo hapo Mombasa, plaiwudi ya marine, ipake varnishi pande zote na kingo zake kabla ya kuweka chochote. Reli ukizilaza acha kinafasi kidogo kwenye viungio kama mlivyokuwa mnaacha kwenye njia kubwa, ziwe na pa kutanukia mchana wa jua. Na kabla ya kuchora stesheni panda treni uende Nairobi, pale Railway Museum namba 5918, Mount Gelai, bado ipo, chukua futi na daftari, upime urefu wa tangi la mbele, kimo cha kebini, nafasi kati ya magurudumu, maana Garratt utalazimika kujenga mwenyewe bodi yake juu ya mota mbili za kununua, na vipimo vyako mwenyewe utaviamini kuliko vya kwenye picha.